Kinyozi Hajinyoi: Kwa Nini Nusu Wembe Unakata Ngozi Kabla ya Ndevu

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Kila nikimwambia mtu kwamba ninajinyoa mwenyewe kwa kishikio cha kinyozi, kile kinachobana nusu wembe, hunirudishia methali hiyo huku anacheka. Mwanzoni nilicheka naye. Kisha ikaja asubuhi moja ya Julai, Uyole, hapa Mbeya, baridi ya kukata masikio, vipande vitatu vya tishu vimegandia kidevuni na daladala inapiga honi barabarani, nikaanza kuiona methali ile kama swali la ufundi. Mtu anayenyoa wateja kutwa nzima bila kutoa tone la damu, akigeukia uso wake mwenyewe anakosea wapi?

Sehemu ya jibu iko kwenye kiwiko. Kinyozi akikunyoa wewe, ana mikono miwili iliyo huru. Anauzunguka uso wako, anaivuta ngozi upande anaoutaka, anauona wembe kutoka pembe zote. Akijinyoa, mkono wa kulia unalazimika kuvuka pua kwenda shavu la kushoto, kiwiko kinapanda, na kinapopanda kinaziba kioo. Ile sehemu ya karibu na sikio anainyoa kwa kukisia. Kioo nacho kinamchanganya: anataka kuusogeza wembe nyuma, mkono unaupeleka mbele. Mikono yake inajua kunyoa mtu mwingine, na uso wake mwenyewe ni mtu asiyemjua.

Kwa hiyo anayeanza kujifunza hana sababu ya kumwonea wivu kinyozi. Wote wawili wanaanzia karibu mahali pamoja.

Kishikio ninachokisema ni kile cha chuma au plastiki kinachokunjwa kama kisu cha mfukoni, kinachobana nusu wembe mdomoni. Vinyozi wengi wa Mbeya wanakitumia kuchonga mstari wa paji la uso na kusafisha shingo baada ya mashine. Watu wanakiita wembe tu, kishikio na kilichomo ndani vyote kwa jina moja. Mimi hapa nitavitenganisha: kishikio ni kile unachokaa nacho miaka, wembe ni ule unaoutupa leo.

Kabla yake kulikuwa na wembe wa kunoa, chuma kimoja kizito kilichonolewa kwenye jiwe na kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kunyoa. Ule ulikuwa na matunzo yake, na asiyejua kuunoa alijinyoa kwa machozi. Halafu Mmarekani King C. Gillette akaja na wembe mwembamba wa makali mawili, unaotumika ukatupwa. Hati yake ya ubunifu ilitoka 1904. Wembe wa namna hiyohiyo ndio unaouzwa leo dukani kwa Mangi ukiwa kwenye kikaratasi chake: urefu milimita 43, upana milimita 22, unene kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Uvunje katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya upana wa milimita 11 kila kimoja. Ndivyo vinavyoingia kwenye kishikio.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wanafikiri kishikio cha nusu wembe ni toleo jepesi la wembe wa kunoa, la watu wasiotaka shida ya jiwe na mkanda. Shida ya kunoa kweli imeondoka, ila nyingine mbili zimeingia. Kwanza, wembe wa kunoa una uzito, unatulia shavuni kama sahani mezani. Kishikio chenye nusu wembe ni chepesi, kinacheza mkononi, na mtu akihisi wepesi huo anaujazia kwa kukandamiza. Pili, nusu wembe una pembe mbili, juu na chini, zilizochongoka kama kona ya bati jipya. Mikato yangu mingi ya mwanzo ilitokana na pembe, huku makali yenyewe hayana hatia. Pembe ya juu inapiga ncha ya sikio, ya chini inachimba pale shavu linapoingia ndani kuelekea mdomo. Ukitaka kujua nani amejikata kwa pembe na nani kwa makali, tazama umbo la jeraha: pembe inaacha nukta inayotoa damu nyingi, makali yanaacha mstari mwembamba unaochelewa hata kuuma.

Kuuvunja wembe kuna namna yake. Usiutoe kwenye karatasi. Ushike ukiwa umefungwa vilevile, vidole kwenye zile ncha mbili fupi zisizo na makali, ukunje kwa urefu kama unayekunja tiketi. Chuma hiki ni kigumu mno, hakipindi sana. Kinalia tak, kimeachana. Anayeuvunja mtupu, bila karatasi, anacheza na jicho lake, maana kipande kinaweza kuruka.

Kisha uingize kwenye kishikio na uangalie kwenye mwanga kama makali yamechomoza sawasawa kutoka kichwa hadi mkia. Kishikio changu cha kwanza nilikinunua barabarani kwa bei ya kutupa, na kibanio chake kilikuwa kimelegea. Wembe ulisogea upande mmoja kiasi cha unene wa ukucha. Sikuona. Shavu liliona. Usilipe kabla hujakifungua na kukifunga, ukatikisa, ukasikiliza kama kuna kitu kinacheza ndani.

Sasa maji. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji: tumeizoea methali hii kama onyo la maisha hadi tumesahau kwamba chini yake kuna maelekezo ya kinyozi. Udevu mkavu ni mgumu. Ukikaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu, unayanywa, unavimba kidogo, unalainika, na wembe unaupita kwa nguvu ndogo zaidi. Wembe wa plastiki wa kutupa, wenye makali mawili au matatu yaliyopangwa, unaweza kukusamehe ukiruka hatua hii. Nusu wembe hausamehi.

Kwetu Nyanda za Juu kusini jambo hili lina uzito wake. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe wako juu zaidi, na kuanzia Juni hadi Agosti hewa ni baridi na kavu. Povu unalopaka linakauka shavuni kabla hujamaliza upande wa pili, na maji ya moto yanapoa kwenye beseni ukiyatazama. (Maji yenyewe yanachemka huku kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam, lakini hilo ni la mpika maharage, mnyoaji halimhusu.) Mimi natumia chupa ya chai. Naijaza maji ya moto, nachovya kitambaa, nakamua, nakilaza usoni mpaka kipoe, narudia mara ya pili. Halafu sabuni. Povu liwe na maji, liteleze kama uji mwepesi. Lile la kukaa kama pamba linapendeza kwenye kioo lakini chini yake ngozi ni kavu. Napaka upande mmoja, nanyoa, ndipo napaka mwingine.

Kabla ya hayo yote kuna kazi ya siku moja ambayo watu wanaidharau: kuzijua ndevu zako zinalalaje. Acha zikue siku mbili tatu, kisha pitisha vidole. Upande unaoteleza ndiko zinakolala. Upande unaokwaruza ndio kinyume chake. Mashavuni karibu kila mtu zinashuka. Shingoni ni habari nyingine. Zangu za chini ya taya la kushoto zinalala kuelekea sikioni, na karibu na koo kuna mahali zimejizungusha kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Miezi mitatu nilikuwa nazinyoa kwa kushuka, kama mashavu, nikidhani nafuata ndevu. Kumbe nilikuwa nazipinga.

Ukishajua ramani hiyo, mkono unafuata. Kishikio hakikamatwi kama kisu cha jikoni. Kifungue mpaka mpini utengane na kichwa, vidole vitatu vikae juu ya shingo ya chuma, gumba chini, kidole kidogo kwenye kile kimkia kinachochomoza. Ulaze wembe bapa shavuni, halafu uinue mgongo wake kiasi cha penseli kupita chini. Hapo uko kwenye pembe ya nyuzi 30 hivi, na ndipo pa kukaa. Ukiulaza zaidi unateleza juu ya ndevu na kuzing'oa nusu. Ukiusimamisha zaidi unaacha kunyoa na kuanza kukwangua, na baada ya kukwangua uso unawaka kama umepakwa pilipili. Kila mpito wa wembe uwe mfupi, sentimita mbili hivi. Wembe uende kwa kuelekea makali yake tu. Ukiusogeza pembeni hata kidogo, kama mtu anayekata mkate, umekata nyama.

Na usikandamize. Hili ndilo neno kinyozi wangu alilonirudia hadi nikachoka kulisikia. Ni mzee wa Kinyakyusa, ananiita mwanangu ingawa ndevu zangu zimeanza mvi. Siku moja alinipa pulizo la watoto, akalipaka povu, akasema, "Mwanangu, linyoe hilo. Likipasuka, usije kunisumbua." Lilipasuka mara mbili. La tatu lilibaki, na nilipomwambia "Ndaga, tata," yaani asante, baba, alijibu kwamba pulizo halina kikoromeo. Zoezi hili ni la zamani na linafundisha kitu ambacho maneno hayafundishi: wembe mpya unakata kwa uzito wake. Ukisikia haukati, tatizo ni maji, au pembe uliyoulazia, au wembe umekwisha. Nguvu si mojawapo ya dawa.

Anza na mashavu peke yake. Wiki mbili nzima, mashavu tu, sehemu nyingine maliza kwa chombo ulichozoea. Kidevu kina mfupa na kona, mdomo wa juu una pua inayozuia, shingo ina ndevu zinazozunguka; ukizivaa zote siku ya kwanza, ya pili hutaiona.

Nimefika kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote, na ambayo maelekezo mengi yanayotoka Ulaya na Marekani yanaipita mbio. Yale yanasema: nyoa kufuata ndevu, paka povu tena, nyoa kwa kukatiza, paka tena, maliza kwa kupinga, ukivuta ngozi vizuri, mpaka shavu liwe kama yai. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, sawa. Kwa wengi wetu huo ni mwaliko wa vipele.

Udevu wetu umejikunja, na hata ndani ya ngozi, kwenye kifuko unamoota, umepinda. Vipele vinatokea kwa njia mbili. Ya kwanza: udevu uliokatwa unatoka nje ukiwa na ncha kali, unajikunja, unarudi na kuichoma ngozi pembeni ya pale ulipotokea. Ya pili ndiyo ya hatari zaidi kwa mwenye nusu wembe. Ukiivuta ngozi sana na kunyoa kwa kupinga, unaunyanyua udevu na kuukata chini ya usawa wa ngozi. Ukiachia, ngozi inarudi, ncha inabaki imezama ndani. Ikianza kukua haipati njia ya kutoka. Inatoboa ukuta wa kifuko chake na kuchimba ndani kwa ndani. Mwili unauona udevu wake mwenyewe kama mwiba, unavimba, unatunga usaha. Mtu anaamka na shingo yenye chunusi nyeusi, anadhani hakunyoa vizuri, ananyoa tena kwa bidii zaidi.

Unaona mgongano ulipo. Ngozi isipovutwa kabisa, inajikunja mbele ya makali na unajikata. Ikivutwa sana, unanyoa chini kuliko inavyofaa na wiki ijayo una vipele. Wanaofundisha kunyoa wanasisitiza la kwanza, madaktari wa ngozi la pili, na mwanafunzi katikati anaona kama mmoja anadanganya. Hakuna anayedanganya, kila mmoja anaogopa jeraha lake.

Nilipofika mimi ni hapa: ivute ngozi iwe bapa tu, kama unavyotandaza shuka kabla ya kulichomeka, ishia hapo. Pita mara moja, kwa kufuata ndevu zinakolala. Ukitaka usafi zaidi, paka povu upya na upite mara ya pili kwa mwelekeo uleule. Kupinga, achana nako. Ukimaliza, pitisha kiganja kuelekea juu: utasikia kijikwaruzo kama cha karatasi ya daftari. Hicho ndicho unachokitafuta. Kina maana ndevu zimebaki usawa wa ngozi au juu yake kidogo, na hazina sababu ya kuchimba. Rafiki zangu wanaopenda shavu la yai wananiambia nimenyoa nusu kazi. Wao wana shingo zao, mimi nina yangu.

Kama vipele viko tayari, wembe wa aina yoyote subiri. Ziache ndevu ziote wiki nne hivi, au zipunguze kwa mashine ukiziachia urefu wa milimita chache. Zikirefuka, nyingi zinajichomoa zenyewe kama springi. Udevu unaouona umejikunja juu ya ngozi unaweza kuunyanyua taratibu kwa sindano safi, ila usiuchimbe wala kuung'oa, maana utakaoota badala yake unaanza safari upya kutoka ndani. Na kama kwenu kuna watu wanaoota makovu manene, yale yanayovimba kupita jeraha lenyewe, muone mtaalamu wa ngozi kabla hujashika wembe. Baada ya mwenye makovu hayo, anayefuata kwa kutofaa kuanza na kishikio hiki ni yule ambaye mikono inamtetemeka asubuhi kabla ya chai. Simtanii.

Usafi. Sababu kubwa ya wembe wa kubadilisha kuingia saluni ni damu, maana wembe unaopita kutoka shingo moja kwenda nyingine unaweza kubeba magonjwa yanayopita kwenye damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, hata kwenye tone lililokauka usiloliona. Kwa hiyo wembe mpya kwa kila mtu ni lazima, lakini watu wanaishia kuutazama wembe na kukisahau kishikio. Damu inaingia kwenye kibanio. Kifungue, ukioshe kwa sabuni na brashi ya meno ya zamani, kikaushe, ukifute kwa spiriti. Na nyumbani pia, hata kati ya ndugu wa tumbo moja, kila mtu awe na chake. Nusu ya wembe iliyobaki kwenye karatasi ni akiba yako, ihifadhi pakavu.

Inadumu mara ngapi? Mimi nanyoa mara mbili, tatu ikiwa ndevu zilikuwa changa. Ajabu ni kwamba chuma cha wembe ni kigumu kuliko nywele karibu mara 50, na bado nywele zinakishinda. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitazama makali ya wembe kwa darubini ya elektroni wakati yanakata nywele. Waliona makali hayapungui taratibu kama sabuni inavyoisha. Yanamegeka vijipande, hasa pale udevu unapopinda mbele ya makali na chuma kikiwa na udhaifu mahali hapo. Basi wembe unaovuta ndevu badala ya kukata umeshamegeka, hata kama kwa macho unang'aa. Kwa bei ya wembe, kuung'ang'ania ni uchoyo wa kujitesa. Uliotumika usiutupe kwenye ndoo ya takataka ambako mtoto au mzoa taka ataupata kwa kiganja. Chukua kopo la maziwa ya unga, toboa mfuniko mwanya mwembamba, dumbukiza humo. Langu lina mwaka na nusu, halijajaa.

Ukijikata, na utajikata, maji baridi kwanza, kisha kipande cha shabu kilicholowanishwa kikandamizwe hapo kidogo. Kinauma, damu inakata. Manukato yenye spiriti yaache kwa ajili ya shati.

Sasa hivi nanyoa mashavu, taya na sehemu kubwa ya shingo bila kuwaza. Mdomo wa juu bado nautumia wembe wa plastiki. Kisogo sikigusi. Kila Jumamosi nashuka Mwanjelwa kwa mzee wangu, nakaa kitini, nasikiliza kwanza ile tak ya wembe mpya ukivunjwa, ndipo nainamisha kichwa. Ndevu zake yeye hunyolewa na kijana wa kiti cha pili.